Mwaka wa Akina Šubić

Tulipomzika dada yangu Mkawasi mwezi uliopita, binti yake wa pili alinisogelea pale kaburini, akanishika mkono na kuninong'oneza, "Mama mdogo, mbona hulii? Watu wanakuangalia." Nikamwambia nitalia baadaye. Hakuniamini, na mimi mwenyewe sikujiamini. Wanawake wa kanisani walikuwa wameniwekea kiti, mmoja ameshika leso ya kunipepea, wananingoja nianguke kama dada wa marehemu anavyotarajiwa kuanguka. Mimi nikakaa mkavu, nikitazama udongo mwekundu ulivyokuwa unang'ang'ania viatu vya vijana waliokuwa wanafukia. Watu hudhani mtu asiyelia anajikaza. Mimi sikuwa na cha kukaza. Ndani palikuwa kimya tu, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Hali hiyo naijua. Ilinikuta mara ya kwanza Riyadh nikiwa na miaka ishirini na minne, katika jiko la ghorofa ya tatu mtaani Al-Sulimaniyah, na aliyekuwa nami ni mzee mmoja Mkroatia aliyekuwa akinisimulia habari za ukoo wa mabwana wa kwao, watu waliokufa zamani hata kabla Wareno hawajafika Mombasa. Tangu tumzike Mkawasi nimekuwa nikiufikiria mwaka ule kuliko ninavyomfikiria yeye. Labda ni kumfikiria yeye vilevile.

Sitaeleza nilivyofika Saudia. Waliokwenda wanajua, na ambao hawakwenda wamesikia. Nianze na jiko, kwa kuwa maisha yangu yalikuwa humo. Lilikuwa refu na jembamba, lenye vigae vya rangi ya maziwa yaliyolala, na dirisha moja lililotazama migongo ya maduka: mafundi cherehani, duka la mataa, na mkahawa ambao feni yake ilitupulizia harufu ya nyama ya kuchoma tangu adhuhuri. Sebule ilikuwa na mapazia mazito yasiyofunguliwa, na viti vilivyokuja na nyumba, vikubwa kupita kiasi, ambavyo hakuna aliyevikalia. Bosi wangu alikuwa mwanamke, Daktari Nada, daktari wa usingizi, yaani yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Hospitali ilikuwa kafili wake, mdhamini wa karatasi zake, na yeye akawa kafili wangu. Siku ya kwanza nilimwita Madam kama nilivyofundishwa na ajenti. Akasema niite Nada tu. Sikuweza, tukakubaliana na Daktari. Kazi yangu haikuwa watoto wala mazulia. Kazi yangu ilikuwa baba yake.

Mzee huyo aliitwa Frane, nami nilimwita Baba. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono mikubwa kama ya mtu aliyewahi kubeba mawe, na macho yake yalikuwa yanakufa kwa namna ya ajabu: aliona pembeni, lakini katikati hapakuwa na kitu. Akikutazama aliona masikio yako na mabega, uso haoni. Kwa hiyo alizoea kugeuza kichwa kidogo anapozungumza nawe, kama mtu anayemsikiliza jirani kupitia ukuta. Ujanani alikuwa mpima barabara, akafanya kazi miaka mingi Iraki na wenzake wa kutoka nchi ile iliyokuja kuvunjika, na huko akaokota Kiarabu cha wajenzi. Mimi nilikuwa na Kiarabu cha jikoni na Kiingereza cha shule. Yeye Kiingereza alikuwa nacho kidogo. Tukachanganya vyote kwenye sufuria moja. "Sukari mafi," nilimwambia, yaani sukari hakuna, naye akajibu, "Mafi mushkila, binti," hakuna shida, akanywa kahawa chungu. Siku niliyojipikia ugali kwa mara ya kwanza alifuata harufu mpaka jikoni, akachovya kidole, akafunga macho. Kwao huo ni chakula cha watu wa milimani, wanauita pura, mama yake alikuwa akiwapikia na maziwa ya kondoo. Tangu siku hiyo tukawa tunapika ugali mchana, Daktari akiwa kazini, tukaula na spinachi iliyokaangwa kwa kitunguu saumu, viazi, na mafuta ya zeituni mengi kuliko ambayo mama yangu angeruhusu.

Ni katika meza hiyo ndipo akina Šubić walipoingia. Yeye alitamka Shubich. Alizaliwa chini ya kilima kiitwacho Bribir, kwao Dalmatia, na juu ya kilima hicho ndipo ukoo huo ulipokuwa na makao yake. Alipokuwa kijana walikuja wataalamu kuchimba magofu, naye akapata kibarua cha kubeba mawe. Akainua na wenzake vifuniko vya makaburi. "Nilikuwa na njaa, nilidhani tutakuta dhahabu," aliniambia. "Tulikuta mifupa. Mifupa ya mabwana ni kama ya mjomba wangu." Lakini tangu hapo hakuwaacha. Alisoma kila alichokipata kuhusu wao, hata kule Iraki, kwenye kambi ya mabati, na sasa macho yalipokataa vitabu alibaki nao kichwani. Daktari alikuwa amewasikia tangu utotoni mpaka wamemchosha. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni kwao, na nilikuwa na saa nyingi za kumenya viazi.

Alipanga nchi yao mezani. Kikopo cha chumvi kilikuwa Bribir. Glasi zilikuwa miji ya pwani, Šibenik, Trogir, Split. Bakuli la sukari lilikuwa Zadar, mji uliowasumbua siku zote, kwa sababu nyuma yake walikuwepo Waveneti na meli zao. Mbali kabisa, karibu na jokofu, chupa ya siki ilikuwa mfalme wa Hungaria. Pavle Šubić alikuwa na cheo cha ban, nami nilipouliza ban ni nini alifikiri kwanza, kisha akasema, "Mfalme ni kafili. Ban ni yule ambaye kafili yuko mbali, kwa hiyo anafanya anavyotaka." Nikacheka, na yeye akafurahi kwamba nimeelewa. Pavle alikuwa na ndugu waliosimama pamoja naye, kila mmoja akashika miji. Akaitwaa hata Bosnia. Halafu, mfalme alipokuwa dhaifu, akina Šubić wakaamua kutafuta mfalme mwingine wao wenyewe. Ndugu mmoja akavuka bahari mpaka Napoli kumwitia ufalme mtoto wa kiume wa ukoo wa huko, bado mdogo, naye mtoto akaja kwa meli, akashukia Split, wao wakamsindikiza mpaka akakalia kiti. Mzee Frane alikuwa akikisogeza kijiko kutoka pembeni mwa meza, polepole, mpaka kwenye chupa ya siki. "Mtoto huyu, kumbuka mtoto huyu," akasema. Mjukuu wangu amenionyesha kilima cha Bribir kwenye simu juzi. Kina nyasi, mawe meupe na upepo unaovuma mpaka unausikia kwenye video. Nilikitambua kama mtu anavyotambua nyumba aliyoelekezwa vizuri.

Ijumaa Daktari alikuwa nyumbani, nami nilipata ruhusa ya kwenda Manfuha, kule kusini, kwenye nyumba kuukuu za udongo na saruji ambako dada mmoja wa Kikenya, Mama Shiru, alikuwa amepanga chumba. Tulikuwa wanawake wachache, tukisali kwa sauti za chini, televisheni ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya juu ili majirani wasisikie nyimbo. Baada ya hapo tulikunywa chai ya maziwa na kusukana nywele, na mazungumzo yalikuwa yaleyale: nani ikama yake, kibali cha kukaa, imeisha, nani madam wake ni mkali, nani amepata simu ya nyumbani. Mimi habari za nyumbani nilizipata kwa Mkawasi. Yeye alikuwa Jeddah, alitangulia miaka mitatu kabla yangu, akatoroka kwa mwajiri wake wa kwanza na sasa alikuwa anaishi bila karatasi mtaani Al-Mahjar, akisuka wanawake nywele chumbani. Mama hakuwa na simu. Mkawasi alikuwa akimpigia kwa jirani, kisha ananipigia mimi kwenye simu ya mezani ya Daktari, kila wiki mbili hivi, na kunipa salamu.

Ijumaa moja nilirudi kutoka Manfuha nikaikuta nyumba imebadilika. Nasema hivi sasa, lakini siku ile niliona vitu vidogo tu. Daktari alikuwa ameosha vyombo mwenyewe. Aliniuliza kama nimechoka, akasema, "Kaa, kaa," akanimiminia chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mzee alikuwa chumbani amejifungia. Kesho yake nilipomwambia yalla Baba, tuendelee na Mladen, kwa kuwa Pavle alikuwa amekwisha kufa na mwanawe mkubwa Mladen amechukua nafasi, alisema kichwa kinamuuma. Siku zikapita, kichwa kikazidi kumuuma. Mkawasi naye alipopiga simu alisema kwa haraka kwamba simu ya jirani imeharibika, lakini mama hajambo, ananisalimu. Sikushuku chochote. Nilikuwa nimeanza kuzoea kazi, na nilikuwa na furaha, kama nitatumia neno hilo.

Aliyerudi kwenye hadithi ni mimi. Ilikuwa asubuhi, namenya vitunguu, naye ameketi mahali pake na kahawa yake. Nikapanga mwenyewe chumvi, glasi na sukari, nikamwambia, "Baba, umemwacha Mladen muda mrefu." Akapapasa, akaishika chumvi. Akanieleza kwa ufupi, bila ladha yake ya siku zote. Mladen alikuwa na nguvu lakini hakuwa na bahati ya baba yake. Miji ya pwani ikamgeuka. Mabwana wengine wakaungana dhidi yake, na mdogo wake mwenyewe, aliyeitwa Pavle kama baba yao, akawa upande wao. Wakampiga mahali panapoitwa Bliska. Basi mfalme, yule mtoto wa Napoli, sasa mtu mzima, akashuka mpaka Knin na jeshi, na Mladen akaenda kwake kuomba msaada, kwa kuwa ni baba yake aliyempa kiti. Mfalme akampokea, kisha akamkamata na kuondoka naye kwenda Hungaria. "Halas," akasema mzee. "Hakurudi."

"Akafanya nini huko?"

"Akaishi. Miaka." Aligeuza kichwa kwa ile namna yake, akaniangalia begani. "Huku kwao ngome zinaanguka, watu wanakufa, na yeye yuko huko. Sijui kama kuna mtu alimwambia. Tangu nikiwa kijana najiuliza hilo tu. Kufungwa, sawa, mabwana walifungana. Lakini kukaa ukidhani nyumbani mambo ni yaleyale." Akaiweka chumvi chini. "Binti. Mama inti mafi."

Nikamuuliza, "Mafi wapi?" Nilidhani anasema mama hayupo nyumbani, amekwenda mahali, labda Mkawasi alipiga simu wakati nimeshuka dukani.

"Mafi," akasema tena. Na kwa kuwa hakuwa na neno jingine, akasema lile ambalo Kiarabu na Kiswahili vinalo sawa. "Mauti. Dada yako alipiga, Ijumaa ile. Walikwisha kumzika. Akaomba tusiseme. Nada alikubali. Mimi sikukubali, lakini nilikaa kimya. Sasa nimechoka kukaa kimya."

Nilimaliza kumenya kitunguu. Nakumbuka nilikikata vizuri, vipande vyembamba vilivyolingana, machozi yakinitoka ya kitunguu tu, na nikawaza kwamba huyu mzee atadhani nalia. Nilimuuliza kama atakula samaki au nipike maharage. Akasema chochote. Nikapika samaki. Tulikula. Alasiri nilipiga pasi makoti yote meupe ya Daktari, yakiwemo yaliyokuwa yamekwisha kupigwa pasi. Hakuna kilichouma. Nilijigusa mahali ambapo mtu angetarajia kuumia, kama unavyogusa jino kwa ulimi, nikakuta hapana kitu. Siku hizi nasikia vijana wakizungumza habari za maumivu kama kwamba kufiwa ni kuumia. Mimi ninachokijua ni kwamba kuna kufiwa ambako hakuumi, na hilo ndilo linalotisha.

Jioni Daktari aliporudi, mzee alimwambia. Nilikuwa jikoni, wao wako sebuleni kwenye vile viti visivyokaliwa, wanazungumza kwa lugha yao. Sikujua neno hata moja, lakini kila baada ya muda nilisikia jina langu, Wakesho, katikati ya maneno yale mengine, kwa sauti yake, kisha kwa sauti ya baba yake, kama mpira wanaorushiana. Kisha Daktari akaja jikoni akasimama mlangoni, bado amevaa abaya. "Pole," akasema, neno ambalo nilikuwa nimemfundisha mimi. Kisha kwa Kiingereza akaeleza. Hospitalini, alisema, mgonjwa akifa, ni familia inayoamua nani aambiwe na lini. Dada yangu alikuwa familia. Akalia aliposema hivyo. Akasema nikitaka kwenda nyumbani ataomba karatasi za kutoka kesho yake. Nikamwuliza, "Niende kuona nini, Daktari?" Halikuwa swali la uchungu. Nilitaka kujua kweli. Akanisaidia kukausha vyombo.

Mkawasi aliendelea kupiga simu. Nikija kusimulia mwaka ule, hapa ndipo watu hunikatiza na kuniuliza kwa nini sikusema. Ningeweza kusema. Nilishika simu mara ya kwanza nikiwa nimepanga maneno. Yeye akaanza, kwa ile sauti yake ya kuchangamka, "Umeamkaje, mdogo wangu? Mama anakusalimu sana. Anasema amesikia Riyadh kuna baridi, uvae sweta."

Nikasema, "Mwambie nimesikia."

"Na anauliza kama unakula."

"Mwambie nakula."

Basi tukaendelea hivyo. Mama alianza kusema mambo mengi zaidi kuliko alivyokuwa akisema alipokuwa hai. Alimtaja ng'ombe aliyezaa, alimtaja mjomba aliyejenga choo kipya, alinikumbusha nisali. Mkawasi alikuwa anamtengeneza vizuri, sauti na maneno yake yote, na wakati mwingine nilisahau kwa kiasi cha pumzi moja, halafu nikakumbuka, na kukumbuka kwenyewe hakukuuma. Mzee Frane alikuwa akikaa mezani wakati wa simu hizo. Hakuelewa lugha, lakini alielewa. Nikikata simu alinisogezea kikombe. Hakurudia habari za Mladen. Nilipomwomba aendelee alisema, "Bado."

Mkataba wa Daktari ulipohamishiwa Jeddah tulihama wote. Nyumba mpya ilikuwa na jiko pana, na hewa ya huko ilikuwa nzito, nguo hazikauki, chumvi inaganda kwenye kikopo. Ijumaa ya kwanza Daktari alimwomba dereva wa hospitali anipeleke Al-Mahjar. Nilipanda ngazi zenye harufu ya sabuni na samaki mpaka mlango wa dada yangu. Chumba kilikuwa cha wanawake watano, magodoro yamesimamishwa ukutani, pazia la shuka, nywele za bandia zimetundikwa msumarini kama mikia. Wenzake walikuwa kwenye vibarua. Mkawasi alikuwa amekonda. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka kilemba chake kikafunguka, akaniketisha kwenye mto, akaanza kupakua pilau huku akizungumza bila kupumua. Kisha akaweka upawa chini.

"Wakesho, kuna jambo nataka kukuambia. Ni la mama."

"Najua."

"Hapana, hujui. Sikiliza."

"Najua, dada. Mzee aliniambia."

Alinitazama. "Lini?"

"Riyadh. Kabla ya Ramadhani."

Nilimwona akihesabu moyoni, akirudi nyuma simu moja baada ya nyingine, sweta, ng'ombe, choo cha mjomba. Akakaa chini sakafuni taratibu kama mtu mzee. "Na mimi nilikuwa nakupa salamu zake."

"Nilizipokea."

"Kwa nini ukaniacha niendelee?"

"Kwa nini ukaanza?"

Pilau ilikuwa inapoa, na chini barabarani muuza maji alikuwa anapiga honi. Nilitegemea aseme alitaka kunikinga, kwamba nilikuwa mgeni, kwamba ningechanganyikiwa. Ndivyo alivyomwambia Daktari. Badala yake alisema, "Ungekwenda. Ungeomba karatasi ungekwenda, na mimi siwezi kwenda. Sina pasi, sina ikama, nikitoka hapa ni mpaka nipitie tarhili, nifungiwe nikingoja kurudishwa, nijulikane. Mjomba alinipigia asubuhi, nikakaa hapa hapa nilipokaa sasa, na nilichowaza kwanza si mama. Niliwaza, Wakesho ataondoka nibaki peke yangu kwenye nchi hii. Halafu niliposema uongo mara ya kwanza niliona kama mama yupo. Nilikuwa nangoja siku ya kukupigia. Sasa unajua. Nichukie."

Sikumchukia. Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe pale, lakini kusamehe ni jambo linalohitaji joto, na mimi nilikuwa baridi. Nilimwambia tule. Tukala kwenye sinia moja, akaniwekea nyama upande wangu, nami nikairudisha upande wake, kama tulivyokuwa tukifanya tangu zamani. Tulipomaliza nikamwambia, "Mmoja wetu lazima aende. Mimi nina kazi ya watu wema. Wewe hapa unakwisha. Nenda wewe."

"Naogopa tarhili."

"Nitakufikisha."

Hatukuzungumza zaidi siku ile. Jumapili nilipokuwa napika, mzee aliniomba nipange meza. Nikapanga chumvi iliyoganda na glasi. Akaniuliza kwanza, "Dada yako alisema nini?" Nikamweleza kwa maneno yetu yale machache. Akatikisa kichwa. "Ndugu wa Mladen," akasema, "vitabu vinasema alitaka ngome. Labda. Au aliogopa kubaki bila kitu. Waandishi walikuwa mbali, mtu anayetaka na mtu anayeogopa waliwaona ni mtu yuleyule." Kisha akamalizia. Mladen alifia kule ugenini, na kaburi lake halijulikani. Ngome zikapungua moja moja. Mwishowe mfalme mwingine akawataka waiachie Ostrovica, ngome yao kubwa iliyobaki, akawapa badala yake mahali panapoitwa Zrin, mbali, kaskazini, kwenye misitu. Aliyehamia huko alikuwa bado mtoto. Wazao wake wakachukua jina la huko, wakaitwa Zrinski, wakawa wakubwa tena kwa karne nyingi, mpaka nao wakakatwa vichwa na kufungwa na kumalizika. Alikisogeza kikopo cha chumvi kutoka mahali pake mpaka ukingoni mwa meza, akakishikilia hapo kwa mkono wake mkubwa.

"Na nani alimwambia Mladen?" nikauliza.

"Haikuandikwa," akasema. "Ningekuwepo ningemwambia."

Mzee Frane alirudi kwao baada ya mkataba wa bintiye kwisha, akafa huko, na Daktari alinipigia siku hiyohiyo, kabla hajawapigia ndugu zake. Lakini hayo ni ya baadaye. Wiki mbili baada ya mazungumzo hayo nilimfikisha Mkawasi. Siku zile, watu walioishiwa na karatasi walikuwa wakikaa chini ya daraja moja pale Jeddah, na mikeka yao na mabegi, wakingoja gari la kuwapeleka tarhili ili warudishwe makwao. Dereva hakutaka kusogea karibu, akaniacha ng'ambo ya barabara. Mkawasi alikuwa amevaa abaya mbili, moja juu ya nyingine, ili apunguze mzigo, na jasho lilikuwa linamtiririka. Aliketi kwenye begi kati ya mama mmoja wa Kihabeshi na mtoto wake. Nilimpa chupa ya maji na mkate. Hakusema kwaheri, alisema, "Nikifika nitakupigia." Nikamwambia, "Ukipiga, uniambie ukweli." Gari lilipokuja nilikuwa nimerudi ng'ambo. Niliona mkono wake dirishani, au wa mtu mwingine. Nikarudi nyumbani nikaosha madirisha.

Hakupiga kwa muda mrefu. Daktari aliulizia kwa watu aliowafahamu, akaambiwa wanawake wa Kenya wamo tarhili, wanangoja ndege. Nilipika, nilifua, nilimkata mzee kucha, nilikwenda dukani nikasahau nilichofuata. Niliendelea kungoja jambo livunjike ndani, na halikuvunjika. Kisha asubuhi moja, nikiwa nimeweka ugali jikoni na mzee akiwa bado amelala, simu ililia. Ilikuwa sauti yake, ikiwa mbali, na nyuma yake kulikuwa na jogoo, na mlango ukibamizwa na upepo wa milimani, mlango ambao ningeutambua popote.

"Nipo kwa mama," akasema.

"Nasikia."

"Jirani amenipa simu yake. Haikuwa imeharibika kamwe, wewe unajua." Hakuwa na ile sauti ya kuchangamka. Ilikuwa sauti yake hasa, nzito, ambayo sikuisikia kwenye simu kwa mwaka mzima. "Nimetoka kaburini. Hawakuweka msalaba, wameweka fimbo tu, na majani yameota. Nimeongea na wote waliokuwepo. Unataka nikuambie tu kidogo, au yote?"

"Yote."

"Kuna mengine si mazuri. Aliugua siku nyingi kuliko tulivyoambiwa. Aliuliza."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza kwa nini wiki zile hatupigi."

Nilikaa sakafuni, mgongo wangu kwenye kabati, waya wa simu umenyooka mpaka mwisho. Nikasema, "Anza mwanzo. Anza siku alipoanza kukohoa." Akaanza. Alinieleza nani alimpeleka zahanati na nani alimrudisha, alikula nini, alikataa nini, shuka gani alijifunika, nani alikuwa ameshika mkono. Sikulia. Nilisikiliza kila neno, na nilipokosa moja nilimwambia arudie, naye akarudia. Sijui Daktari alikuja saa ngapi. Nilimwona tu amesimama mlangoni katika koti lake jeupe, begi begani, amechelewa kazini. Alitazama jiko, akatazama mimi pale chini. Alinipita, akazima moto uliokuwa unaunguza sufuria, akafungua dirisha moshi utoke, kisha akatoka na kunifungia mlango polepole, na dada yangu akaendelea.